Mikakao Ishirini na Tisa

Nianze na upumbavu wenyewe nimalizane nao, halafu ndiyo nikumbuke kwa raha. Nikiwa darasa la nne, mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja (Bibi anasema kumi, cheti cha ubatizo kinasema kumi na mmoja, nami siku ya kuzaliwa sikuwa na akili ya kuhesabu), nilimwandikia baba yangu barua nikamwambia kwamba kakao alizotuletea zimeota. "Zimeota ishirini na tisa, kila moja ina majani mawili." Ndivyo nilivyoandika, kwa mwandiko wa kuunganisha niliokuwa najivunia. Ukweli ni kwamba haikuwa imeota hata moja. Nilichagua ishirini na tisa kwa sababu thelathini ilinukia uongo.

Enzi zetu, jamani! Najua wakubwa wakisoma hapa watacheka: huyu hata ndevu hazijakubaliana na kidevu, tayari ana enzi zake. Lakini ninyi wenzangu mliozaliwa bendera ikiwa bado inanukia dukani, hebu semeni kama hatuna enzi. Sisi ndio tuliokwenda shule na daftari mkono mmoja na jembe mkono wa pili, na mwalimu akakagua jembe kwanza. Huku kwetu Suji, mlimani, mwezi wa sita ukungu ulishuka mpaka ukawa unamsikia mwenzako anapiga chafya hapo hapo, humwoni. Tulikata gamba la mgomba, tukalikalia, tukaporomoka nalo mteremkoni hadi makalio ya kaptula yakawa madirisha. Ukifika nyumbani unachapwa kwa ajili ya kaptula. Shingo uliyokaribia kuivunja hakuna aliyeiulizia. Halafu unapewa makande yaliyochemka tangu asubuhi, mahindi na maharage yamebishana chunguni mpaka yamechoka, unakula huku unalia, na machozi ndiyo chumvi.

Mdogo wangu yuko darasa la kwanza sasa. Alizaliwa mwaka uliofuata baada ya mambo haya ninayosimulia, na hesabu hiyo fanyeni wenyewe. Yeye akikwaruzika goti anataka apelekwe zahanati. Ukimpa makande anauliza kama kuna wali. Nchi hii itajengwa na nani, mimi sijui.

Basi. Nyumbani kwetu kilipungua kitu kimoja tu, naye ni Baba. Alikuwa anakata mkonge huko chini, upande wa Tanga, tukimwona Krismasi siku kumi, kisha anateremka stesheni ya Makanya treni inamchukua. Kila alipoondoka, Mama alikaa siku mbili hasemi. Siku ya tatu alifua kila kitu, hata nguo safi. Mimi nilidhani kila nyumba ndivyo ilivyo, kwamba kina baba ni kama sikukuu, wanakuja na nyama halafu wanakwisha.

Mwaka huo, kabla ya masika, jirani yetu Elinaza aliyekuwa kambi moja na Baba alipanda mlima kuja kwenye mazishi ya kwao. Begani alibeba kifurushi cha gunia lililoloweshwa maji. Ndani yake yalikuwamo matunda mawili ya manjano, marefu, yenye matuta ubavuni, kama papai lililozeeka kwa hasira. Pamoja nayo, barua.

Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa anaishi nasi na macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, alilipapasa tunda moja kote. "Hili linaliwa au linatibu?" akauliza.

Mimi ndiye nilikuwa msomaji wa nyumba. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameanza kisomo cha watu wazima pale shuleni, jioni mbili kwa wiki, na alikuwa bado anapigana na jina lake mwenyewe. Nikasimama katikati ya jiko nikasoma kwa sauti ya redio:

"Mama Eliamani, hii ni kakao. Mti wake hauhitaji nafasi kubwa, unaukuza hata nyuma ya jiko. Unapenda kivuli cha migomba, na migomba unayo. Mbegu zake zikikaangwa na kusagwa zinakuwa kinywaji, wanakunywa wakubwa. Zina mafuta mazuri ya kupaka ngozi. Maganda yake ukiyarudisha shambani ni mbolea. Rafiki yangu wa Muheza anayo michache tu nyumbani kwake na anauza. Mbegu wewe unazijua kuliko mimi, zipande. Zikikubali ardhi yetu, mimi mkonge basi. Narudi nyumbani."

"Soma tena mwisho," Mama akasema.

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma. Nilipotaka kurudi pale pa mafuta ya ngozi, nilipopapenda, akanikata: "Mafuta achana nayo."

Sasa hapa ndipo ukoo mzima ulipochanganyikiwa, na mpaka leo sijui lawama niipeleke kwa nani. Sisi ni watu wa kahawa. Mtoto wa kwetu hajajua kuchamba vizuri anajua kumenya kahawa. Ukitaka mbegu ya kahawa unachagua zilizoiva, unazimenya, unaziloweka ute utoke, unaziosha kwa maji ya mfereji, unazianika kwenye chanja, ndipo unapanda. Baba hakuandika jinsi ya kuipanda hiyo kakao. Mama naye hakuona haja ya kuuliza. Kitu kina mbegu, kinanywewa kikombeni, kinapenda kivuli: hiyo si kahawa iliyonenepa?

Tukapasua matunda. Ndani mbegu zimejipanga kama meno, kila moja imevaa nyama nyeupe inayoteleza. Kabla Mama hajageuka nilikuwa nimeshatia moja kinywani. Jamani utamu! Una uchachu kidogo, kama stafeli. Bibi naye akapewa ya kufyonza, akafyonza, akafyonza, akasema: "Kama nje ni tamu hivi, wanahangaika na ya ndani ya nini?" Mimi nikaing'ata hiyo ya ndani. Ilikuwa ya zambarau, chungu kama dawa ya malaria. Hiki ndicho wanachokunywa wakubwa? Basi nikaelewa kwa nini kwenye picha zao ofisini wamekunja uso.

Tulizishughulikia kwa heshima zote. Tukaziloweka, tukaziosha mferejini mpaka zikawa safi kuliko miguu yangu, tukazianika juani wiki mbili. Bibi alikaa chini ya chanja na fimbo, akipigana na kuku kwa kusikia tu. Jua likizama tunazifunika, likitoka tunazifunua. Mwisho Mama akachukua konzi moja akazitikisa sikioni, zikalia kwa ukavu, akatabasamu tabasamu ambalo kwa kawaida lilikuja Krismasi. "Zimekubali," akasema.

Tukatengeneza kitalu chini ya migomba, udongo umechekechwa, samadi imekauka, juu tumetandaza majani kuzuia jua. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu Mama akasema kahawa hukaa chini miezi miwili, tusiwe na papara. Mimi papara ndiyo kazi yangu. Mama alipokwenda mtoni nikafukua moja. Ilikuwa imevaa ukungu mweupe, na nilipoibana ikamwagika kama ugoro. Nikafukua ya pili, ya tatu, ya nne. Zote ugoro. Nikafukia vizuri, nikanawa mikono.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua nyingine. Nayo niliisoma mimi. "Huku wanaandikisha watu upya. Nikitia dole gumba, nimefungwa miaka miwili. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi. Nijibuni upesi: zimeota au hazijaota?"

Miaka miwili! Nilipiga hesabu palepale nikaona nitakuwa darasa la sita, nina sauti nzito, na huyu mtu bado anakuja na nyama anaondoka.

Mama alikuwa anachochea moto. Hakuinua kichwa. "Chukua karatasi. Andika: bado. Mwambie kahawa hukaa miezi miwili na hii naona ni ndugu yake. Mwambie ajiandikishe tu, tutaona mbele." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Lakini alichochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri, akachochea mpaka ukazimika.

Nikaandika yale niliyokwisha kuyaungama huko juu. Sikuwa na mpango. Siwaambii kwamba nilikuwa na akili kubwa. Kalamu ilikuwa kwenye "ba" ya bado, nikaikata, nikaanza mstari mpya.

"Umemaliza?" Mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Nisomee."

Nikamsomea yale aliyosema, neno kwa neno, huku nikitazama yale niliyoandika. Hilo nalo lilikuwa gumu, mjue. Akaitikia kwa kichwa, akajifuta mikono kwenye khanga, akasema nimpe kalamu. Chini ya uongo wangu akaandika jina lake. Ilimchukua muda. Ulimi ulitoka nje kidogo, herufi zikapanda mlima zikateremka, na alipomaliza alirudi nyuma akaangalia kama mtu aliyechora ng'ombe akaona anataka kutembea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika jina nje ya darasa. Nami nilikuwa nimelipeleka wapi!

Barua ilipokwisha kuteremka Makanya, nikaona sasa lazima ukweli uifuate barua. Nyuma ya nyumba za walimu palikuwa na jalala lililojaa kokwa za parachichi, na kwa masika ile zilikuwa zimeota zenyewe kama nyasi. Nilihamisha ishirini na tisa kwa siku tatu, kokwa nimezichomoa, nimezipanga kitaluni kwa mstari, kila moja nimeiacha na majani mawili. Mengine niliyanyofoa. Barua ilisema mawili.

Mama aliporudi kutoka shambani akasimama mbele ya kitalu. Mwanamke huyu alizaliwa chini ya mparachichi, amebeba maparachichi kichwani hadi sokoni tangu akiwa msichana. Aliangalia mstari. Akaniangalia. Akaenda kuchota maji, akamwagilia. Na kesho yake akamwagilia. Nilichanganyikiwa kabisa. Kama amejua, kwa nini hanichapi? Kama hajajua, mimi ni mtoto wa nani?

Mbaya zaidi akaja bwana shamba. Alikuwa anapita kukagua mibuni, amevaa buti, ana daftari kubwa, na kijijini walikwisha kumwambia kwamba kwa Mama Eliamani kuna zao jipya.

"Mama, hizi ndizo kakao zinazosemwa?"

"Ndivyo anavyosema mtoto," Mama akajibu.

Akachuchumaa. Akavaa miwani. Akageuza jani juu, akaligeuza chini, akapima shina kwa rula. "Jani la kakao hilo," akasema. "Halina ubishi. Linaonyesha afya." Akaandika. "Hongera sana, mama. Vijiji vyote vingekuwa hivi tungekuwa mbali."

Alipoondoka nilikwenda kuyaangalia upya yale majani, na niwaambie ukweli, nilianza kuamini. Mtu amesomea, ana miwani, kaandika kwa wino. Labda mimi ndiye sikuwa najua parachichi ni nini.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, ukungu umejaa hadi mlangoni, Mama anapukuchua mahindi, amevaa khanga iliyokwisha rangi, tukasikia mtu anakohoa njiani. Kikohozi kile alikitambua Bibi kwanza. Akapiga kigelegele kilichowafanya mbuzi wakate kamba. Ukunguni akatokea Baba, kichwani sanduku la bati limefungwa kamba ya mkonge, kwapani godoro limeviringishwa, mkononi gunia bichi. Na siyo Krismasi! Mama aliinuka, mahindi yakamwagika yote, akabaki ameshika kikapu kitupu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hujambo? Kakao ziko wapi?"

Hata maji hakunywa. Nilimwongoza hadi chini ya migomba. Alisimama pale kitaluni. Akachuma jani, akalifikicha, akanusa. Akanusa tena.

"Eliamani, haya ni maparachichi."

"Bwana shamba alisema..."

"Mama Eliamani!" akaita. "Wewe nawe hukuona kwamba haya ni maparachichi?"

"Niliona," Mama akasema, ameshafika nyuma yetu. "Nikasema mtoto kapanda miti. Nimchape kwa kupanda miti? Si ndiyo wanayofundishwa shuleni?"

"Na kakao zangu?"

"Ziko chini. Bado. Tulizianika vizuri wiki mbili..."

"Mlizianika?" Baba alishika kichwa. "Kakao haianikwi! Ukishaikausha umeiua. Inatoka tundani inaingia udongoni siku hiyo hiyo, ikichelewa sana siku chache, tena ibaki na ubichi wake. Ndiyo maana niliwaletea tunda zima kwenye gunia la maji!"

"Uliandika wapi?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Mafuta ya ngozi ukaandika."

Baba akatoa barua kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nyingi mpaka imelegea kama kitambaa, akaisoma kwa sauti. Zimeota ishirini na tisa. Kila moja ina majani mawili. Nilitazama miguu yangu nikaiona ina vidole vingi kuliko kawaida.

"Kwa karatasi hii nimekataa kutia dole," Baba akasema polepole. "Orodha imefungwa. Mimi sina kazi." Halafu akatugeuzia barua, akaweka kidole chini kabisa. "Na hili jina. Nani kaandika?"

"Mimi," Mama akasema.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Aliliangalia muda mrefu kuliko alivyoyaangalia maparachichi. Kisha akaikunja barua kwa taratibu, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo. Ndiyo maana nasema nimechanganyikiwa. Mpaka leo sijui alipanda ule mlima kwa ajili ya mstari wangu au kwa ajili ya ule ulio chini yake, na nimemwuliza mara mbili, mara zote amenituma maji.

Mama alinichapa viboko vitano, kila kimoja kikilegea kuliko mwenzake. Jioni ile ile akachinja jogoo, na Baba, ambaye firigisi ni yake kwa sheria ya nyumba yetu, akaikata katikati akanipa nusu. Nikala bila kujua nimesamehewa au nimeagwa.

Kwa sababu sanduku halikufunguliwa. Lilikaa mlangoni na kamba yake. Baba alisema atashuka kuomba, labda mnyapara atamfanyia huruma. Alilegeza fundo kidogo, akachomoa shati moja ubavuni, akalikaza tena. Kila nikiamka nilikwenda kuitazama ile kamba kwanza, ndipo ninawe uso.

Siku ya pili alitoa matunda matatu ya kakao kwenye lile gunia bichi, akatufundisha wote, Bibi akiwemo. Ukipasua, unasugua mbegu kwa majivu mpaka ute uishe, huoshi sana, huaniki, unailaza udongoni, unaifunika kina cha pingili ya kidole. Akachagua nyuma ya jiko, ukuta unaopata joto la moto, migomba imekinga upepo. Siku ya kumi na mbili udongo ukapasuka. Zikaota kumi na moja, majani mekundu yamelegea kama yana usingizi. Mama alikwenda kuyatazama, akarudi, akaenda tena.

Asubuhi ya kumi na tatu nikaenda mlangoni. Sanduku lipo, kamba haipo. Nikajua ameteremka hata bila sanduku. Nikakimbia nje mpaka njia ya kuteremkia Makanya, nikiwa na shuka tu, nikaita ukunguni kama mwendawazimu. Hakuna aliyeitika. Nikarudi nikilia waziwazi, na pale nyuma ya zizi nikagongana na mbuzi wetu mkubwa, amefungwa shingoni kamba ya mkonge ya Baba, fundo la Baba, na Baba mwenyewe yuko pembeni anakata majani, ananiuliza kama nimechelewa shule.

Leo mkakao umebaki mmoja. Baridi ya kwetu iliua kumi, mmoja baada ya mwingine. Huo mmoja unaegemea jiko, unatoa maua madogo kwenye shina, na mwaka jana ulitoa tunda moja tu. Bibi alizikaanga mbegu zake, akazisaga, akachemsha na maziwa, akasema ni chungu, akamaliza kikombe, mafuta yaliyoelea akapaka visigino. Maparachichi ya jalalani ndiyo yamejaa kila mahali, wachuuzi wanapanda kuyafuata mpaka kwetu, na bwana shamba bado anayaandika kakao. Watoto wa leo wamezoea baba yao yupo. Mdogo wangu anamwona kila siku na anamkimbia kwa sababu ya hesabu za kuzidisha. Nikimwambia enzi zetu tuliwaita akina baba kwa barua, ananiuliza barua gani hiyo, akaandike kuomba baiskeli. Sisi hatukuwa na kitu, na sijui kwa nini naona sisi ndio tulioshiba. Labda ni ukungu tu. Siku hizi hata huo umepungua.

Siku ile ya mbuzi, jioni, Mama alikuwa anakanyaga udongo wa kukandika ukuta wa mbele, miguu imezama, anaimba. Nikamsogelea nikamwuliza kama bado ana hasira na ile barua. Alikanyaga kwanza mara mbili tatu, akasema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Siku nyingine ukitaka kumdanganya baba yako arudi, uniambie mimi kwanza, nikandike nyumba na nibadili khanga."